Miadi ya Daktari wa Tezi

Jumanne, 4 Machi

Saa nane nzima ndani ya ghala la baridi. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Masharubu yameganda, vidole sivisikii. Miaka sita ya kubeba katoni za kuku imetosha.

Leo meneja katangaza: kiti cha dirisha la stakabadhi kiko wazi. Kiti kina mto. Dirisha lina jua mpaka saa kumi. Atakayeleta barua ya daktari kwamba baridi inamdhuru ndiye atakayekikalia. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne. Nikamtupia jicho Mizani, mpima uzito wetu. Kaanza kuchechemea papo hapo. Asubuhi nilimwona anapanda ngazi mbili mbili. Mnafiki mkubwa.

Nyumbani nimemkuta mke wangu kalala juu ya cherehani. Tena. Kavaa sweta mbili na nje jua linachoma. Watoto wamekula mkate mkavu. Nilipomuuliza kulikoni alisema kachoka tu, nisijali. Basi sijali.

Jumatano, 5 Machi

Dada yangu mkubwa kaja amewaka. Kasema shingo ya wifi yake imevimba, sauti imekwaruza, nywele zinabaki kwenye kitana, na mimi mume nipo nipo tu. Kamtafutia miadi kwa daktari wa tezi anayefika zahanati mara moja kwa mwezi. Ni Alhamisi, tarehe kumi na tatu. Damu ipimwe Jumatatu. Kadi na fomu ya maabara kaniachia mimi, kwa sababu mke wangu siku hizi anasahau. Kaniapisha kwamba nitampeleka mwenyewe.

Kaacha na kijitabu. Nimekisoma chooni mpaka mwisho. Kumbe shingoni kuna tezi, umbo lake kama kipepeo, inayotoa homoni za kuchochea moto wa mwili. Zikipungua mtu anahisi baridi, anavimba, anachoka. Na kumbe mwili ukiteswa kwa njaa, sulubu na kukosa usingizi, homoni hizo hushuka. Sentensi hiyo nimeirudia mara tatu.

Nimepata mpango. Mke wangu kachoka tu, mwenyewe kasema. Daktari atarudi mwezi ujao. Kiti hakitasubiri mwezi ujao.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya pili bila chakula. Chai kavu na maji. Baada ya kazi napanda na kushuka ngazi za ghala na katoni begani, mara arobaini. Naoga maji ya barafu. Kijitabu kinasema baridi huiamsha tezi ifanye kazi zaidi. Ukurasa huo nimeuruka. Yangu itakuwa imeshachoka kuamshwa.

Nimemwambia mke wangu daktari kasafiri. Kasema afadhali, alikuwa anaona uvivu hata kuvaa viatu. Kisha kanisukumia sahani yake, kaona nakonda. Nimeona haya kidogo. Zikapita.

Jumapili, 9 Machi

Leo ni mazoezi ya dalili. Nimemchunguza mke wangu kutwa nzima. Anaongea polepole, neno moja, pumziko, neno jingine. Macho yamevimba. Nyusi zimepukutika upande wa nje, kama aliyezianza akaghairi. Hilo limo pia kwenye kijitabu, ukurasa wa tisa.

Nikaingia bafuni na wembe. Nimenyoa ncha za nyusi, kushoto na kulia. Kushoto nimezidisha. Mke wangu alianza kuniuliza uso wangu umepatwa na nini, akasinzia kabla ya kumaliza swali. Hilo sikulipenda. Lakini wembe ulikuwa umeshapita.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetolewa damu. Karani kaona jina la mwanamke kwenye fomu. Nikamweleza kwamba mgonjwa kapata nafuu, mimi ndiye mbadala wake. Kakata jina, kaandika langu, kaita mwingine. Kizunguzungu kilinishika mlangoni, nikafurahi.

Mizani kaja kazini na mkongojo.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu kaamka saa sita mchana. Kwa shida. Mikono yake ni ya baridi. Dada kapiga simu kuuliza kama maandalizi ya kesho yako sawa. Nikasema kila kitu kiko sawa. Kisha nikabonyeza namba yake tena, nikakata kabla haijaita. Nadhani ni njaa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati.

Niliingia kwa daktari saa nane na nusu, polepole, nimejikunyata, sauti ya kukwaruza. Kasoma karatasi. Homoni imeshuka kweli. Nikaiona barua yangu ile pale. Akaendelea kusoma. Kasema ubongo nao una homoni yake ya kuisukuma tezi, na tezi ikiugua ubongo huipigia kelele. Wangu umenyamaza kimya. Maana yake tezi ni nzima, mwili ndio umepunguza moto kwa kuwa kuna mtu anautesa. Akauliza nimekula lini mara ya mwisho. Nikasema sina hamu.

Akainama, akapitisha kidole kwenye nyusi zangu. Kasema ugonjwa hauachi mkato wa wembe. Akauliza nyumbani nani ana nyusi za namna hii. Nikazifunika zangu kwa kiganja. Akachukua fomu ya maabara, akasoma jina lililokatwa. Akauliza kama mke wangu analala sana. Ndiyo. Anahisi baridi? Ndiyo. Anasahau? Sauti? Shingo? Kila nikisema ndiyo anazidi kukunja uso. Kasema anaondoka saa kumi, na kama nampenda nimlete sasa hivi.

Nimekimbia. Miguu haina kitu. Nimeanguka mara mbili. Nimemkuta kalalia cherehani, shavu limebonyea kwenye kitambaa. Nikamwita. Nikamtikisa. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama mizigo ninayobeba kazini, na hakuitika. Sijawahi kuogopa vile. Nikamwita tena kwa jina lake la usichana. Akafumbua macho, akaniuliza kama nimekula.

Nimelia mbele ya watoto. Tumempakia kwenye teksi. Daktari tumemkuta kwenye ngazi na mkoba mkononi, akamtazama mara moja tu, akarudi ndani. Wamemlaza.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu yake yametoka. Tezi yake inakaribia kuzima kabisa. Daktari wa kila siku wa zahanati kasema angekaa mwezi mwingine nyumbani huenda asingeamka. Kasema mbele ya dada. Dada kanitazama, kasema “mdogo wangu,” akatoka nje. Bora angenichapa.

Kiti kapewa Mizani. Sikujali. Jioni nilijali kidogo.

Jumatatu, 31 Machi

Mke wangu yuko nyumbani wiki ya pili sasa. Kidonge kimoja kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani. Sauti inarudi. Leo kanigombeza mara tatu kabla ya chai, haraka haraka kama zamani, nami nilisimama nikamsikiliza mpaka mwisho kwa raha. Nimekwisha kumwomba radhi. Nimeapa mbele yake na mbele ya dada kwamba afya yake sitaifanyia mchezo tena. Niliapa kwa moyo wote.

Ghalani baridi ni ile ile. Mizani ananipungia kutoka kwenye jua. Mkongojo kautupa.

Leo tulirudi kwa daktari wa zahanati kuchukua dozi ya Aprili. Karudia masharti: asiruke hata siku moja, na asizidishe, maana vidonge vikizidi moyo unakwenda mbio, mwili unawaka, mtu anatoka jasho hata kwenye baridi. Hata kwenye baridi. Nilimwomba arudie hapo, akadhani namjali mke wangu, na kweli namjali.

Kopo liko juu ya kabati. Vidonge ni thelathini, nimehesabu. Aprili ina Jumapili nne, na sijui kiungo gani cha mwili kinachostahili kufanyishwa kazi Jumapili. Hivyo vinne vya Jumapili vitanitosha mimi kuanzia, kule ghalani.