Shekinah Kubeba Wenzake

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka shifti uwanja wa ndege Heathrow, miguu imevimba kama mihogo. Nakuta msiba. Kwenye cheerleading, mchezo wao wa kushangilia kwa kurushana na kupandiana, kocha Kavita kampanga mwanangu Shekinah chini, abebe wenzake! Wa juu ya piramidi ni Ryan. Mtoto wa kiume! Tena wa Aikaeli, mama mwenzangu ninayesali naye hapa Hounslow, asiyejua hata kupika kiburu, ndizi na maharage tu. Na mimi ndugu wote Moshi nimeshawaahidi picha ya Shekinah angani.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfuata Kavita. Nikamwambia kushangilia ni kazi ya wanawake, Ryan akacheze mpira. Akacheka. Eti mchezo wenyewe waliuanzisha wanaume, vyuoni Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita. Wanawake walijaa baadaye, wanaume walipokwenda vitani. Nikauliza kama kuna vita vinakuja.
Eti Shekinah ana nguvu, ndiye nguzo. Nguvu ni ugali wangu, najua. Lakini nani anapiga picha nguzo?

Ijumaa, 7 Machi
Nimechoka, ila mpango upo. Kavita akiona Shekinah ana watu, atampandisha. Nimewaita akina mama wa kamati yetu ya harusi. Sare ya kitenge, vigelegele. Shekinah kaniomba kwa Kiingereza chake nikae kimya, wakirushana wasishtuliwe. Nikamwambia mtoto wa watu hashangiliwi kimya kimya.

Jumamosi, 8 Machi
Mashindano. Ryan kapanda juu. Akina mama wakanitazama. Nikaanzisha vigelegele. Vikalia!
Shekinah kakulia kwenye harusi zetu. Akisikia kigelegele, mikono inapanda yenyewe. Ikapanda, ikawaachia aliowabeba. Piramidi yote chini! Ryan kaangukia magodoro, mzima, anacheka. Timu imeshika mkia. Aikaeli akaninong'oneza, hongera mama Shekinah, umewaangusha wote, mpaka sisi tuliokaa vitini.
Kwenye basi mwanangu alikaa kiti cha mbali.

Jumapili, 9 Machi
Mwili wote unauma. Kavita kapiga simu: mwezi ujao wanashindana Croydon, Shekinah atakuwepo, mimi nisikanyage. Shekinah ndiye kaomba.
Nikamwita. Akaniangalia machoni, yeye ambaye hujibu Kiingereza tu, akasema kwa Kiswahili: mama, napenda kuwa chini, wote wananitegemea mimi, tafadhali usije.
Kiswahili kimenyooka vile! Machozi yakanitoka. Nimewapigia Moshi nzima, nimewapigia kamati. Mtoto wa namna hiyo unamwachaje peke yake Croydon? Safari hii tunakodi matarumbeta.