Kibao cha Mjakaranda

Jumatatu, 4 Mei
Daktari hakunipangia miadi mingine. Nimeelewa. Basi nakiri, humu kwanza. Miaka thelathini na moja iliyopita nilimponza shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, mtunza bustani mkuu wa bustani kubwa ya jiji. Mezani kwangu alisema mche alioupanda kando ya bwawa ni mjakaranda. Mimi, mwalimu wa biolojia, nikasema siyo. Mke wangu akawa upande wa kaka yake. Haivumiliki! Nikachonga kibao cha bati, jina la Kilatini lisilo la mjakaranda nikalitunga kwenye choo cha walimu, nikakifunga kwa skrubu nne kwenye nguzo kando ya mche, nikampeleka mke wangu akasome. Mti ulipochanua zambarau, mkurugenzi wa bustani akadhani kosa la kibao ni la shemeji. Akamvua ukuu, akampeleka kitaluni kuotesha miche; kibao chenyewe hakuna aliyekumbuka kukitoa. Shemeji hajaongea nami tangu hapo, ila pole ya mkono siku ya mazishi ya dada yake. Sitaki kufa hivi.

Jumatano, 6 Mei
Mpango: kung'oa ushahidi kwanza, toba baadaye. Bisibisi chini ya blanketi. Binti yangu akasukuma kiti cha magurudumu, akiuliza mbona Baba amekaa upande. Matembezi matamu! Bata, nyasi, wapendanao kila benchi. Kisha mti. Wanafunzi wamejipanga, wananakili uongo wangu madaftarini. Mwalimu wao anasisitiza herufi kubwa. Jasho!
Ajabu: kibao kinang'aa. Skrubu zimepakwa mafuta.
Wanafunzi walipoondoka, nikamtuma binti aiskrimu. Skrubu mbili zikatoka. Mlinzi akatokea. Mzee, kulikoni? Nikasema macho hayaoni, nasoma kwa vidole. Akanisomea kibao kwa sauti. Mara mbili. Akaziona skrubu, akalaani wahuni wa siku hizi, akazirudisha na kuzikaza. Kwa bisibisi yangu. Nilimwazima mwenyewe!

Ijumaa, 8 Mei
Imebaki toba tupu. Shemeji amestaafu lakini kila asubuhi yuko kitaluni, anamwagilia. Nikamwambia yote, nimefumba macho. Kisha kicheko, mpaka ndoo ikamponyoka.
Alijua siku ile ile! Shemeji wewe, akasema, hiyo R yako yenye mkia mimi siijui? Barua zako za uchumba nani alizipeleka kwa dada? Tena kitaluni ndiko alikokuwa akipataka: kivuli, kiti, chai ya saa nne, hakuna mgeni wa kuuliza choo kiko wapi. Kila mwezi alikisugua kibao kisifutike, wasije wakamrudishia ukuu, na hata baada ya kustaafu hakuacha. Mimi aliniepuka kwa sababu kila akiniona kicheko kinampanda, nami ningeshtukia kwamba anajua.
Nikauliza, hata mazishini? Akaiokota ndoo. Pale, akasema, nililia.
Tukashikana mikono muda mrefu. Nimepumua kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Nimekula aiskrimu mbili. Sasa hata nikiitwa kesho, twende.

Jumapili, 10 Mei
Nimeamka. Tumeshinda bustanini, mimi na shemeji, bega kwa bega. Raha! Akanionyesha mti ng'ambo ya bwawa, akasema ule ni mvule. Mvule! Na majani yale? Nikamweleza kwa upole, mara tatu. Binti yangu akawa upande wa mjomba wake.
Jioni nimempigia fundi bati. Daktari amesema nisijichoshe. Ni skrubu nne tu.