Lalamiko Kuhusu Mashine Iliyokandamiza Gongo Langu Badala ya Kulivuta

Kwa Mkuu wa Maabara ya Kupima Vifaa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni fundi wa magongo ya kutembelea. Situmii mbao, nafunga nyuzi za kioo kwa gundi ya plastiki, ikikauka gongo linakuwa jepesi hadi mgonjwa analisahau mkononi. Jumanne baba mkwe wangu, aliyevunjika mguu, aliliegemea moja kwenye korido ya hospitali. Likalia ka! Mzee akatua mapajani mwa muuguzi aliyekuwa anakunywa chai. Wakwe wakaniamuru nilete kwenu gongo la pili, pacha wa lile, lipimwe. Majibu yenu yameniudhi hivi:

1. Mashine yenu ililikandamiza kutoka juu. Nani aliwatuma? Kabla sijalileta kwenu, gongo hilohilo lilifungwa kamba likavuta gari la mizigo lililokwama kwenye tope, wala halikukatika. Dereva yupo, muulizeni.

2. Mpimaji wenu, yule dada mwenye miwani, alinionyesha mkunjo wa mshazari pale lilipovunjika. Akasema, "Fundi, uzi ukivutwa unajinyoosha. Ukikandamizwa unatafuta pa kukimbilia, na gundi ndiyo inaushika usimame. Hapa nyuzi zilipinda kidogo tangu zilipopangwa, gundi nayo laini. Mmoja umelala, ukaulalia wa jirani, basi zote chini." Nikamuuliza zilipinda kiasi gani. Eti hata jicho lisingeona! Mheshimiwa, mtu anahukumiwa kwa kosa lisiloonekana?

3. Gundi huchanganywa na mke wangu. Taarifa yenu niliisoma mezani, mbele ya wakwe. Nilipofika kwenye neno "laini", akaweka kijiko chini: "Kwa hiyo aliyemwangusha baba yangu ni mimi?" Tangu hapo najipikia. Kupika sijui.

4. Kosa la mgonjwa hamkulichunguza. Mzee ana mwili, na uzito wake wote aliuelekeza chini, upande ambao gongo langu haliupendi. Naomba cheti kwamba magongo yangu ni salama kwa wagonjwa wanaoning'inia. Hospitali ifunge kapi la kamba darini, mgonjwa ashike gongo lililofungwa kwenye kamba, avutwe hadi kwa daktari. Hapo nyuzi zitaonyesha uanaume wao.

5. Wakati cheti kinaandikwa, dada mwenye miwani aje nyumbani amwambie mke wangu kwamba gundi haina hatia. Nyuzi asizitaje. Nyuzi nilizipanga mimi.

Nawatakia kazi njema. Nisalimie mlinzi wa getini, mpishi wa chai, na huyo dada, hana ubaya. Mashine siisalimu.

Nabaki wako, mvutaji na si mkandamizaji,

Fundi Magongo

Tanbihi: Asubuhi hii nimeteguka kifundo cha mguu nikishuka ngazi. Nasikia chumba chenu cha huduma ya kwanza kina magongo. Mpeni mleta barua mawili, nitayarudisha. Yawe ya mbao.