Habari ya Mbali

Jumapili, 3 Machi

Nimeshindwa tena. Nilikaa na Bobe saa nzima kwenye nyumba ya wazee. Nilimsalimia, akaitikia, nikaishiwa. Tangu kiharusi cha Oktoba bibi yangu amepoteza Kifaransa chote na Kiingereza chote. Kimebaki Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, alichozaliwa nacho. Mimi ninazo hizo mbili alizozipoteza. Shuleni asubuhi Kifaransa, mchana Kiingereza. Naweza kuona haya kwa ufasaha katika zote mbili. Kiyidishi changu ni maneno kumi na moja, matano ya chakula.

Saa tisa akaingia Raizel. Binamu yangu, nimemzidi miezi minne, kasoma shule ya Kiyidishi. Hata koti hajavua kashaanza kumwaga maneno. Bobe akacheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Halafu Raizel akatoa salamu za Hinde, bila kupepesa jicho.

Hinde ni mdogo wake Bobe, wa Buenos Aires. Miaka hamsini wakipigiana simu kila Ijumaa. Amekufa Januari. Daktari alisema moyo wa Bobe hauwezi kubeba habari hiyo, basi familia ikakubaliana: Hinde amekuwa kiziwi, simu haimfai, anatuma salamu. Raizel ndiye mpeleka salamu. Anazitia na chumvi. Wiki iliyopita Hinde alinunua viatu.

Mimi nilimenya chungwa. Wakati wa kuondoka Raizel akaniambia kwenye korido kwamba machungwa nayaweza sana, niendelee hivyo hivyo.

Nataka kitu kimoja tu. Mazungumzo na Bobe, mimi na yeye, kabla hajatutoka. Si lazima yawe marefu.

Mpango unaanza kesho.

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu nimempata. Bwana Zaltsman, milango minne kutoka kwa Bobe, alikuwa fundi cherehani wa makoti. Ada yake ni biskuti za mbegu za popi. Alitaka kujua imekuwaje binti wa miaka kumi na tano, mwenye lugha mbili za shule, hawezi kuomba chumvi katika lugha ya nyumbani kwao. Nikasema Mama hakutufundisha. Akasema, "Mama yako naye nani kamfunga mdomo?" Nikamsogezea biskuti.

Nilitaka anifundishe maneno ya upendo. Akasema tuanze na supu, upendo utakuja humo humo. Leo nimejifunza: supu imepoa, magoti yananiuma, nani kafungua dirisha, na chakula kinakuja lini.

Jumatano, 6 Machi

Dada yangu Dafna kajifungua jana. Msichana. Mama yuko kwenye simu tangu alfajiri akiagiza samaki wa sherehe. Akafunika simu kwa kiganja, akaniambia jina la mtoto lisimfikie Bobe, nimesikia? Nikasema nimesikia. Akarudi kwa samaki. Nimeelewa: mpaka Jumamosi, maana kwetu jina halitamkwi kabla ya kutangazwa sinagogini.

Jioni nilikwenda kufanya jaribio la kwanza. Nilimwambia Bobe magoti yananiuma. Akanitazama sana, akabonyeza kengele. Muuguzi akaja na blanketi, akanifunika mimi. Nikakaa nimefunikwa nusu saa.

Lakini alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alinitazama kama mtu anayeweza kujibu.

Jumamosi, 9 Machi

Jina limetangazwa sinagogini. Hinde. Kwenye karatasi za serikali ataitwa Claire, lakini kwetu ni Hinde. Mama alilia. Baba wa mtoto alilia. Raizel alikula samaki wa chumvi vipande sita, akasema kesho ana mashindano ya kuogelea, kwa Bobe ataenda Jumatatu.

Yaani Jumapili ni yangu. Jina limeshatangazwa na Raizel hayupo. Mimi ndiye nitakayempelekea Bobe habari kubwa ya mwaka, kwa Kiyidishi, sentensi kamili.

Nikakimbilia kwa Bwana Zaltsman. Sikumwambia jina, nisije nikatanguliwa. Tukafanya mazoezi kwa jina lake yeye. Nina habari. Mtoto anaitwa Zaltsman. Mara arobaini. Akasema maskini mtoto.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika lote.

Nilikaa. Nikasema nina habari. Bobe akaweka kikombe. Nikasema Dafna kapata msichana. Akasema mazel tov, hongera. Alishajua, lakini alinisemea kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nikasema mtoto anaitwa Hinde.

Sentensi nzima. Kitenzi mahali pake. Nikangoja kusifiwa.

Mkono mzima wa Bobe ukaushika ule ulioganda. Ndipo nikakumbuka jambo ninalolijua tangu chekechea, analolijua kila mtu kwetu hata asiyekanyaga sinagogi: mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Mimi ni Elka kwa sababu babu yake Mama, Elkana, alishakufa. Mama hakumaanisha mpaka Jumamosi. Alimaanisha lisimfikie kamwe.

Bobe akauliza neno moja. Lini?

Neno hilo nalijua. Ningeweza kujifanya sijaelewa. Miezi mitano nimekaa pale sielewi kweli kweli. Mara hii moja tu ingenifaa. Nikajibu, Januari. Kwa lafudhi nzuri.

Akahesabu kwa vidole. Kisha akanyoosha mguu, akaonyesha kiatu. Sheria yetu iko hivi: habari ya msiba ikikufikia baada ya siku thelathini, hiyo ni habari ya mbali. Hukai matanga ya siku saba. Unakaa saa moja tu, chini, bila viatu. Miaka hamsini ya Ijumaa, saa moja.

Nikamvua ndara. Alitaka kushuka sakafuni, nikajaribu kumshusha, tukaishia kukumbatiana vibaya na kiti cha magurudumu kikirudi nyuma. Basi yeye akabaki kitini, mimi nikakaa chini badala yake, kwa soksi. Soksi yangu moja ina tundu.

Akaanza kusema. Saa nzima. Sijawahi kumsikia akisema hivyo, hata na Raizel. Nilidaka gauni. Nilidaka tofaa. Treni. Theluji, mara nyingi theluji. Katikati ya maneno hayo alikuwamo Hinde mzima, msichana wa miaka sita au ishirini, sijui, na sikuweza kumfikia. Bobe alinyamaza mara mbili akinitazama, akitaka niseme chochote. Nikasema "oy." Mara ya pili nikatikisa kichwa. Sijui kama palikuwa pa kutikisa kichwa.

Nilitaka mazungumzo na Bobe. Ndiyo hayo.

Saa ilipotimia akanyoosha mguu nimvishe. Akaonyesha picha ya Mama na ya Raizel ukutani, akaweka kidole mdomoni. Hilo nililielewa lote.

Nimeapa. Simpelekei tena habari yoyote ya Hinde maisha yangu yote.

Jumatatu, 11 Machi

Raizel alikuja na salamu. Safari hii Hinde kanunua mwavuli. Bobe akauliza wa rangi gani. Raizel akasema kijani. Bobe akasema Hinde haipendi kijani, akageukia dirisha.

Kwenye korido Raizel akaninong'oneza kwamba kumbukumbu ya Bobe inakwenda, nimeona? Machozi yalimlengalenga. Nilitaka kumwambia. Ulimi ulifika hadi kwenye meno. Nikasema nimeona.

Alhamisi, 14 Machi

Leo tulikuwa wawili tu. Bobe akaniuliza kitu, akakirudia polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Alikufaje?

Sijui. Hakuna aliyeniambia. Ulikuja ujumbe mfupi kwa Mama, Mama akakaa jikoni na taa imezimwa, basi. Nilipaswa kusema sijui. Ni maneno mawili, nayajua.

Lakini alikuwa ananitazama hivyo, na Raizel angekuwa na jambo la kusema. Nikasema alikuwa kitandani. Nikasema mto ulikuwa mzuri. Hakuumwa. Nilipoona anasikiliza nikapata moto, nikaongeza kwamba alitazama nje, theluji ikawa inaanguka, akalala.

Bobe akanieleza, neno moja moja, kwamba Januari Buenos Aires ni joto kama tanuri la mkate. Watu hulala roshani. Hinde alikuwa akilalamika joto kwenye simu kila mwaka, na yeye huku amevaa makoti mawili.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikasimama nichukue koti langu. Akanishika mkono wa sweta, hakuniachia. Akasema nikae. Akasema nianze upya.

Sikuwa na neno hata moja la joto. Nikamwambia Jumapili.

Nimeshaandika orodha: feni, jasho, roshani, tikiti maji, shuka nyepesi. Kesho baada ya shule naenda kwa Bwana Zaltsman, nitakariri zote. Raizel na mwavuli wake wa kijani hatafika hapo. Safari hii nitakuwa nimejiandaa. Jumapili Hinde atakufa vizuri.