Viungo Vyote Vimekufa

Jumatatu, 10 Novemba

Mwalimu wa kompyuta ametangaza. Likizo hii ufunguo wa chumba cha kompyuta atakabidhiwa mwanafunzi mmoja tu: yule ambaye, kufikia Ijumaa, jina lake litakuwa limetokea mara nyingi zaidi kwenye ukurasa wa wachangiaji wa programu huria ya maktaba, hii hii tunayoitumia shuleni. Programu huria, akaeleza kwa mara ya mia, haina mwenyewe. Kila anayeona tobo anaruhusiwa kuliziba.

Lazima niupate! Nyumbani sina pa kusomea. Mama ni fundi cherehani na sebule ndiyo kiwanda chake. Mteja akija kujaribu gauni, mimi nafukuziwa jikoni na kompyuta yangu kuukuu, macho chini, kama mwizi wa kuku. Na likizo ndiyo msimu wa magauni.

Tatizo ni Bingwa. Tunakaa darasa moja. Tayari ameshaondoa hitilafu mbili za kweli ndani ya programu. Mimi hitilafu siziwezi. Mimi ninachoweza ni kusoma.

Lakini! Nani mwingine duniani anasoma mwongozo wa programu? Mimi nimeusoma wote, kwa raha zangu. Leo, kwenye sura ya kuazimisha vitabu, nimebofya kiungo cha maelezo zaidi, kikanipeleka kwa muuza mawigi. Kiungo kimekufa! Maelezo yalihama anwani, muuza mawigi akahamia. Nikaitafuta anwani mpya, nikatuma marekebisho. Msimamizi wa mradi ni mtu wa mbali nisiyemjua. Picha yake ni paka aliyelala, kwa hiyo namwita Mwenye Paka. Amepokea, ameniandikia asante. Nimeisoma hiyo asante mpaka chakula kikapoa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimegundua viungo vingine vilivyokufa, sura hiyo hiyo. Mtu mwenye haya angevituma vyote kwa mkupuo. Nimetuma kimoja kimoja. Kila kimoja na jina langu. Hakuna aliyekataza!

Mapumziko, Bingwa akaniuliza mbele ya watu kama nalipwa kwa kipande. Akasema, ndugu yangu, wewe ukitumwa maji utaleta tone, urudi ukalete jingine. Wakacheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo aibu iliponiingia hasa.

Jioni, ujumbe wa Mwenye Paka. Nilijua nafukuzwa. Kumbe ananishukuru kwa uvumilivu wangu! Anasema yuko peke yake na anachelewa kukagua, basi ananipa ruhusa ya kubadilisha mwongozo mwenyewe bila kumsubiri. Anasema ananiamini.

Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikaanza kupiga hesabu.

Jumatano, 12 Novemba

Viungo vibovu vimeniishia. Bingwa ameondoa hitilafu ya tatu. Kubofya mwongozo mzima kwa kidole hakuwezekani. Kwa hiyo nimeandika programu ndogo, ya kwanza maishani mwangu. Inachukua nakala ya mwongozo iliyo kwenye kompyuta yangu na kugonga kila kiungo. Kikijibu, kizima. Kikinyamaza, maiti.

Nilipotaka tu kuiendesha, Mama akaingia mbio. Mwanangu, inuka, mwenye gauni yuko njiani na gauni halijaona pasi, hebu hamia jikoni. Nikahamia. Nikaiendesha programu yangu kati ya sufuria na ndoo.

Vimekufa. Vyote! Kuanzia jalada mpaka sura ya mwisho, hakuna kiungo kilichojibu. Nikasimama. Nikakaa. Kumbe mwongozo mzima umeoza na hakuna anayejua ila mimi!

Nikavifuta vyote, sura baada ya sura, kila sura na jina langu, maana kiungo kilichokufa kinampoteza msomaji. Nikaambatanisha barua kwa Mwenye Paka. Sentensi moja naikumbuka: "Inasikitisha kuona mwongozo ulioachwa yatima kiasi hiki." Nimeipenda sana sentensi hiyo.

Nikabonyeza kutuma. Kazi yote ikakataa kwenda. Nikabonyeza tena. Ikakataa. Nikaona hata mtandao umeingiwa na simanzi. Mteja alipoondoka na gauni lake limenyooka, ikaenda.

Nalala mshindi.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya kurudisha vitabu vya muhula. Foleni mpaka nje ya maktaba. Kompyuta ya mkutubi ikagoma kupokea vitabu. Mama wa watu hakuhangaika. Akafungua mwongozo, penye maneno yanayosema bofya hapa ikigoma. Akabofya. Akabofya tena. Akasema kwa upole kwamba juzi hapa palikuwa panafunguka. Akajaribu ukurasa mwingine. Kila mahali bofya hapa, na hapa penyewe hapabofyeki. Nyumba nzima imeng'olewa vitasa!

Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya kamusi. Nimejibana mpaka kamusi moja ikaniangukia mguuni. Sikulia.

Bingwa akaitwa. Akatazama, akasema kuna mtu amefuta viungo vyote. Mkutubi akauliza ni nani huyo mwenye roho mbaya. Jina langu lilikuwa pale kwenye kioo, sura baada ya sura. Bingwa akasema hayo tuyaache, shikamoo kwanza mama, sogea nivirudishe. Naye ana ruhusa kama yangu, akavirudisha vyote kwa mara moja.

Afadhali angenitaja!

Nyumbani, ujumbe wa Mwenye Paka. Hakugomba. Barua yangu hakuigusia. Ameuliza swali moja tu: ulipokuwa unavipima, mtandao ulikuwepo?

Nikatazama ukuta wa sebule. Soketi moja. Nikamuuliza Mama, jana pasi aliichomeka wapi. Akasema pale pale pa siku zote, si anachomoa kwanza kile kidude changu cha mtandao kinachokonyezakonyeza? Au nilitaka pasi ile upepo?

Ardhi ipasuke. Mimi niko tayari.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwalimu amesoma hesabu mbele ya darasa. Jina langu juu. Juu kabisa! Kila sura niliyoiharibu imehesabiwa. Bingwa akawa wa pili, maana kuvirudisha vyote kumehesabiwa mara moja tu.

Akaninyooshea ufunguo. Nilikuwa nimejiandaa kukiri, nikakiri. Lakini mbele ya watu sauti yangu hutoka kama ya mbu. Alichosikia Mwalimu ni "sistahili." Akawaambia wenzangu watazame, huu ndio unyenyekevu. Wakanipigia makofi. Bingwa naye alipiga. Polepole, ananitazama.

Nilifika na ufunguo hadi mlangoni pa maktaba. Mkutubi bado alikuwa anapanga vitabu vya jana. Akaniambia hongera mwanangu, afadhali wewe unayejenga kuliko yule mharibifu.

Nikapiga kelele kwamba mharibifu ni mimi! Kelele kweli. Sijui ilitoka wapi. Korido nzima ikageuka. Mwalimu akatoka ofisini na kikombe mkononi. Nikaeleza yote: gauni, pasi, soketi. Mkutubi akajiinamia mezani, mabega yanatikisika. Nilidhani nimemliza. Alikuwa anacheka, na hiyo iliuma zaidi.

Mwalimu hakucheka. Akauchukua ufunguo, akampa Bingwa. Akasema kuna mtu wa mbali anayesubiri radhi yangu. Akasema pia kwamba hesabu ya ufunguo wa likizo ijayo inaanza leo, kila mtu kwenye sifuri.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumamosi, 15 Novemba

Bingwa amenifungulia chumba cha kompyuta. Amesema kaa, dirishani, ila ukigusa kiungo nakutoa nje. Kimya kilivyo kitamu! Hakuna cherehani. Hakuna mteja. Nami sistahili hata kiti.

Mwenye Paka ameiondoa ruhusa yangu, kwa maneno ya upole yanayochoma kuliko matusi. Kuanzia sasa kila nitakachotuma atakikagua mwenyewe. Ni haki yake. Kuhusu radhi, amesema mwongozo una ukurasa wa makosa yaliyowahi kutokea, ili wengine wasiyarudie, niiandike hapo.

Nimeandika asubuhi nzima. Nimeandika kuhusu pasi. Nimeandika kuhusu mkutubi na foleni yake. Nimesema mwongozo haukuwa yatima, ulikuwa na mlezi mmoja aliyechoka, na mimi nikamtukana. Hapo ilinibidi nigeukie dirisha. Bingwa akaisoma, akasema, sasa hii ni ya kweli, itume.

Nimehakikisha mtandao upo. Nimehakikisha tena. Mtu hujifunza!

Radhi yangu ina sentensi ishirini na mbili. Nimezituma moja moja, kila moja na jina langu. Hakuna aliyekataza.