Asiyesema Shikamoo Haingii

Jumatatu, 14 Julai
Kikasha cha baruapepe kimefurika tena! Nimeshinda bahati nasibu, sijui ya nchi gani. Mjane tajiri ananitafuta. Mimi nauza vipuri vya baiskeli hapa Isevya, mjane kanijulia wapi? Na humo humo nasubiri barua moja ya maana: ya Mzee Awadhi wa Maskati, baba mkubwa wa Najiat. Posa yangu iko mikononi mwake, na mambo ya ndoa hasemi kwa simu. Huandika.

Nimepata dawa. Chujio! Mgeni haingii mpaka akubaliwe. Ila kukubali mmoja mmoja kunachosha, kwa hiyo nimeliagiza: anayeanza na "Shikamoo" apite, asiyeanza arudishwe. Matapeli hawana adabu. Jamani, nina akili!

Jumanne, 15 Julai
Kikasha kimya. Raha iliyoje! Nimekwenda kumringia Twalibu, fundi cherehani wa jirani, ambaye naye anammezea mate Najiat. Akaniuliza wakubwa zangu watapitia mlango gani. Wivu tu. Nikamwambia ashone.

Alhamisi, 17 Julai
Mjane karudi! "Shikamoo mpendwa." Nimeitikia marahaba kabla sijajizuia. Najiat anasema mzee ameshaandika. Haiwezekani, ningeiona.

Ijumaa, 18 Julai
Nimekwisha. Baada ya swala, Bi Shamila, mama yake Najiat, kaniita. Nikamwamkia, hakuitikia. Akanisomea alichojibiwa shemeji yake Maskati: "Hujanisalimia. Andika Shikamoo, kisha subiri nikuitikie." Kumbe mzee wa watu aliandika, "Adinani mwanangu, tumekuridhia." Akarudia kutuma. Chujio nalo likarudia kumdai shikamoo. Mzee ana mvi mpaka kwenye nyusi! Kasema mkwe wa kuamkiwa hamtaki. Nimelia mbele ya Bi Shamila, wala sioni haya. Nampenda Najiat.

Jumamosi, 19 Julai
Nimemwandikia mzee shikamoo ukurasa mzima. Kajibu kupitia Bi Shamila: marahaba, amesamehe, lakini Najiat mwenyewe ndiye atakayesema. Najiat kaniahidi jibu kwa baruapepe kesho. Alhamdulillahi!

Sasa nimelirekebisha chujio. Halimdai mtu shikamoo tena. Linatoa lenyewe! Kila mgeni ataamkiwa kwanza, kisha aombwe kusubiri. Na kwa tahadhari, asije akakwazika mkubwa mwingine, nimeongeza "bibi" na "babu".

Jumapili, 20 Julai
Najiat aliandika asubuhi, mara yake ya kwanza kwa baruapepe. Chujio likampokea: "Shikamoo bibi. Subiri hapo nje, nitakukubali nikipata nafasi."

Akaandika tena, safari hii kwa simu: "Marahaba, mjukuu wangu. Bibi ameghairi."

Nimepiga, hapokei. Twalibu anashona shela, na anapiga mluzi. Nimemuuliza ya nani, kaniambia nisubiri hapo nje.

Roho inaniuma, lakini nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona. Ni hilo neno "bibi". Msichana wa watu, lazima akasirike! Nimeshalibadilisha. Sasa linasema "Shikamoo mama."