Kisogo cha Bosi

Jumatatu, 3 Machi
Kichwa cha binti yangu kina upande bapa! Nimegundua mchana nikimwogesha. Maji ya uvuguvugu, jua la dirishani, povu linaelea kama mawingu madogo, na mimi nimezama kwenye ndoto zangu. Kiganja kikapita kisogoni. Upande wa kulia, mviringo hakuna. Kama mkate uliokaliwa.

Tunamwita Bosi, maana tangu azaliwe akiita tu nyumba nzima inakimbia. Ana miezi mitatu. Mke wangu alipapasa, akapapasa tena. Mama mkwe alipapasa, akasema vichwa vya watoto hujirekebisha vyenyewe. Kisha akakitazama changu kwa muda mrefu, akaongeza: vingi.

Jioni fundi cherehani wa chumba cha juu akashuka na mwanawe begani. Kichwa kama chungwa! Akaniambia nisijali, mtoto wa kike atasuka nywele. Nikatabasamu kwa meno tu.

Lakini mimi ni fundi makochi. Nimeyarudishia umbo makochi yaliyokata tamaa ya maisha. Kichwa ni nini? Samaki mkunje angali mbichi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemtengenezea mto wenye tundu katikati, sponji laini, mahameli ya buluu. Vumbi la sponji lilikuwa linaelea karakanani, likimetameta juani. Nikaona mbele yangu mitaa mizima ya watoto, vichwa mviringo, wote wamelalia mito yangu. Nikapungia mkono. Mteja mlangoni akapunga pia.

Mke wangu hakuuacha hata ufike kitandani. Akasema mtoto mchanga halali na mto, utamziba pumzi, na kesho anaomba nafasi kliniki. Kliniki! Wakati fundi yupo nyumbani!

Mto umechukuliwa na mama mkwe. Anaukalia. Anasema kiuno chake hakijapata raha namna hii tangu ujana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesikia kuna watoto huvalishwa kofia ngumu za kurekebisha kichwa. Kumbe! Sponji ninayo, ngozi ninayo, gundi ninayo. Nikaanza na ya kwangu, kwa majaribio. Baba mwema hutangulia hatarini.

Ilinikaa barabara. Nikaketi dirishani kidogo kuisikilizia. Ndani ya sponji dunia huwa mbali sana. Nyundo za jirani zikawa kama matone ya mvua. Nikasinzia.

Gundi haikuwa imekauka. Sasa imekauka.

Mke wangu alishika mkasi, mama yake akanishika mabega. Nywele za utosini zimeondoka na kofia. Fundi cherehani alishuka kuazima sindano. Sindano! Yeye!

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki. Ukumbi mrefu, sakafu inang'aa kama maji, watu wanapita bila kutoa sauti. Mtaalamu wa viungo, mwanamke mpole, alimtazama Bosi, akautazama utosi wangu, akauliza mgonjwa ni yupi.

Akapasha vidole vyake joto kwa pumzi, akapapasa kichwa, akageuza shingo taratibu. Kulia, sawa. Kushoto, Bosi akalia. Akasema msuli mmoja wa shingo umekaza, kwa hiyo mtoto hulalia upande uleule siku zote, na fuvu lake bado ni laini. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu Jumatatu: je, ubongo umebanwa? Akasema hapana, yuko salama.

Mke wangu akaangua kilio. "Mimi ndiye niliyekuwa namlaza vile," akasema. "Kila siku, upande uleule, ili anione nikipika."

Nikamshikia mkoba.

Mtaalamu akamwambia kuwa mtoto kumtafuta mama yake kwa macho si kosa la mtu. Kisha maelekezo: alale chali kama kawaida, ila tumgeuzie kitanda. Akiwa macho tumlaze kifudifudi, tukimwangalia. Tumnyooshe shingo kama alivyotuonyesha. Tumwitie kushoto. Nikauliza kuhusu kofia ya ngozi. Akasema hapana kabla sijamaliza.

Jumapili, 9 Machi
Bosi hataki kifudifudi. Anapiga kelele hadi chungwa la juu nalo linaanza. Nikaona nimwonyeshe mfano. Nikalala kifudifudi zuliani, kushoto kwake, nikainua kichwa, nikaguna kwa furaha.

Zulia lilikuwa na joto la jua. Pazia lilivuta pumzi, likashusha. Nikaota nasukwa nywele na samaki.

Nilipoamka nimefunikwa shuka. Mke wangu na mama yake wamechuchumaa mlangoni, mikono mdomoni. Bosi, kifudifudi, kimya, ameinua kichwa. Amegeukia kushoto! Anautazama upara wangu unavyomeremeta.

Mke wangu akanong'ona, "Baba Bosi, usitikisike."

Sikutikisika. Mguu ulikufa ganzi. Ungekufa wote nisingejali.

Ijumaa, 2 Mei
Tumerudi kliniki. Wiki zote hizi mke wangu amenyoosha ile shingo kwa nyimbo, mimi nimelala zuliani kama taa. Mtaalamu akamwita Bosi kushoto: akageuka. Kulia: akageuka. Akasema kisogo kinajaa vizuri, bado kidogo, tuendelee hivihivi na tusibuni chochote. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Nikaitikia kwa unyenyekevu. Mke wangu alicheka njia nzima, akinishika mkono barabarani kama enzi za uchumba.

Sasa mchana umetulia. Bosi amelala, mwanga umempaka asali shavuni. Nimemtazama mpaka nikahisi nami naelea.

Ndipo nikaona sikio la kushoto. Limesimama! Kidogo tu, kama mlango uliosahauliwa wazi.

Sijamwambia mtu. Nimekata utepe mwembamba wa mahameli, wenye kibanio cha waya. Kumjaribishia mtoto, hapana, mimi si mjinga.

Mama mkwe husinzia baada ya chakula. Masikio yake ni makubwa kabisa.